Uzoefu wangu na kozi ya kulipia ya kuchambua hoja za GMAT: wapi inalipa na wapi ni makapi

Niseme mapema ili asie na mda asihangaike kusoma yote. Hii kozi ni ya kujiandaa na GMAT, ule mtihani wa Kiingereza wa kuombea nafasi ya shahada za juu za biashara kama MBA, na nimeilipia kwa hela yangu mwenyewe, kuna kipengele kimoja ndani yake kinarudisha hela yote na kuna sehemu kubwa tu ni makapi, na makapi ndio wanayoyatangaza zaidi. Jina siliweki maana nina malalamiko nayo na sitaki kesi na mtu, ila za namna hii ziko nyingi, za kulipia kwa mwezi kwa dola, ukurasa wa mbele kijana kavaa tai anaichekea laptop.

Mimi niko kwenye mambo ya mikopo hapa Dar, kazi yangu ya kila siku ni kusoma michanganuo ya biashara ya watu wanaoomba hela, yani hoja mbovu za biashara nazila asubuhi na jioni. "Mauzo yatapanda maradufu kwa sababu eneo lina watu wengi", hiyo sentensi nimeisoma mpaka naiota. Kwahiyo niliposikia GMAT ina maswali ya kupima hoja za hivyo nikaona hapo ndio nyumbani. Ni nyumbani kweli ila sheria za nyumba ni nyingine, maana kazini nikiona mchanganuo una tundu nampigia mteja namuuliza "mama, hawa wateja umewahesabu wapi?", kule hakuna wa kumpigia, una kifungu kifupi cha mistari michache, machaguo matano, na mda ni chini ya dakika mbili.

Sasa tuanze na insha maana hapo ndipo watu wanaliwa hela. Zamani GMAT ilikuwa na insha ya dakika 30, unapewa hoja ya kampuni au gazeti au meneja fulani, unatakiwa uichambue, unaonyesha imesimamia dhana gani ambazo hazijasemwa, ushahidi gani umekosekana, nini kingeiimarisha. Hutakiwi kutoa maoni yako kuhusu mada yenyewe, na hapo wengi walikuwa wanachemka. Alama zilikuwa 0 mpaka 6 kwa kupanda nusu nusu, inasomwa na mtu na mashine. Hiyo insha HAIPO tena. GMAT mpya ilianza Novemba 2023, ile ya zamani ikafungwa mwisho wa Januari 2024, na sasa hivi ni sehemu tatu tu za dakika 45 kila moja, hesabu maswali 21, Verbal (ya kusoma na kupima hoja) maswali 23, Data Insights (ya kusoma takwimu, majedwali na chati) maswali 20, jumla ya alama inaanzia 205 mpaka 805. GRE, mtihani mwingine wa kuombea shahada za juu, nao Septemba 2023 waliufupisha mtihani wakatoa ile insha ya kuchambua hoja, wakabakiza moja ya kutoa msimamo wako juu ya jambo.

Pamoja na hayo yote, kozi niliyolipia ina moduli nzima, video kwa video, ya "muundo wa insha ya alama 6". Aya ya kwanza sema hoja ina kasoro tatu, aya ya pili sema mwandishi amedhania bila ushahidi, na kuendelea, unajaza nafasi zilizoachwa kama fomu ya benki. Niliwaandikia nikawauliza mbona mnauza kitu ambacho hakipo kwenye mtihani, wakanijibu kwa heshima nyingi kwamba moduli hiyo "inajenga msingi". Msingi gani jamani. Ukikariri kusema "mwandishi ameshindwa kuzingatia sababu nyingine" bila kuitaja hiyo sababu nyingine ni ipi hujachambua kitu, hata mwanangu anaweza kusema hivyo kuhusu hoja yoyote duniani. Halafu angalieni na vitabu vilivyokwisha tumika vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, vingi ni vya toleo la zamani na ukurasa kibao ni insha na maswali ya kusahihisha sentensi, ambayo nayo yameondolewa. Kwa sisi tuliosomea Kiingereza darasani hiyo ya sentensi kuondoka ni nafuu kubwa sana, Verbal sasa imebaki kusoma vifungu na maswali ya hoja basi.

Haya, kitu kizuri chenyewe. Kwenye maswali ya hoja wana mpangilio mmoja ambao machaguo yanafichwa. Unaona kifungu, unaona swali, chini yake kuna kiboksi cheupe unaandika kwa maneno yako hitimisho la huyu mtu ni lipi na limeegemea nini ambacho hajakisema, na mpaka uandike ndio kitufe cha kuonyesha machaguo kinawaka. Siku za kwanza inaudhi mno, unataka kuona tu A B C D E uchague uende, ila ndio dawa yenyewe. Machaguo yameandikwa na watu wanaojua kabisa utavutwa na lipi, ukiyasoma kabla hujajua unatafuta nini utayapenda matatu kwa mpigo.

Niwape mfano. Sio wao walioutunga, ni mimi niliutunga kwa ajili ya grupu letu la WhatsApp, maana tulikuwa tunatungiana hoja mbovu kwa Kiswahili ili tufanye mazoezi bila kupambana na lugha kwanza. Hoja ilikuwa hivi: mkahawa mmoja Arusha ulianza kuleta bendi kila Ijumaa kuanzia mwanzoni mwa Desemba, mauzo ya mwezi huo yakawa juu kwa asilimia 30 kuliko Novemba, kwahiyo mwenye mkahawa akifungua tawi Moshi na kuweka bendi kila siku, faida yake itaizidi ya Arusha. Swali, kipi kikiwa kweli kinaidhoofisha zaidi?

Kaka mmoja mhasibu akarukia palepale, "Dada, Desemba watu wote si wanapanda kwenda kaskazini kula Krismasi, Arusha lazima ijae bendi iwepo isiwepo!" Yuko sahihi kabisa kama anaandika insha, hiyo ni sababu nyingine ya mauzo kupanda na kaitaja kwa jina. Ila kwenye maswali ya kuchagua huruhusiwi kuleta Krismasi ya kwako kutoka nyumbani, unafanya kazi na walichokuandikia. Machaguo niliyoweka ni haya: moja linasema bendi inalipwa sehemu ya mauzo ya Ijumaa, jingine mikahawa mingine ya Arusha isiyokuwa na bendi nayo iliuza zaidi kwa kiwango kilekile Desemba hiyohiyo, jingine wateja wa Ijumaa walisema wanaipenda sana bendi, jingine Moshi ina watu wachache kuliko Arusha, na la mwisho mwenye mkahawa hajawahi kuwa na tawi.

Nusu ya grupu wakaenda na la Moshi kuwa na watu wachache. Linavutia ndio, lina sura ya takwimu. Lakini watu wachache mjini haimaanishi wateja wachache mkahawani, mkahawa hauhitaji mji mzima, unahitaji meza zijae. La malipo ya bendi linagusa faida, ndio, ila kama bendi inalipwa sehemu tu ya mauzo basi mauzo yakipanda bado kinabaki kitu. La mikahawa mingine ndio linakata mzizi, maana kama wasio na bendi nao walipanda vilevile basi bendi haijafanya chochote tunachoweza kukiona, na hoja nzima ya Moshi ilikuwa imekaa juu ya bendi. Dada mmoja alibisha mpaka usiku akisema la kutokuwa na tawi ndio hatari zaidi kwa sababu hana uzoefu, na kama mtu wa mikopo moyoni nakubaliana nae, nisingempa huyo bwana hata shilingi, ila hilo ni wasiwasi juu ya mtu, halivunji uhusiano kati ya ushahidi na hitimisho.

Kitu ambacho kozi inakieleza vizuri (video ya dakika chache tu, ningekuwa mimi ningeiweka ya kwanza) ni kwamba ushahidi haupingwi. Wakisema mauzo yalipanda asilimia 30 basi yalipanda, usianze kuuliza nani alihesabu. Kinachopimwa ni ile hatua kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye hitimisho. Ukiwa mtu wa ukaguzi au mikopo hii inauma kwa sababu sisi tumezoea kushuku namba yenyewe.

Kwa maswali ya dhana, yale yanayouliza hoja imeegemea nini ambacho hakijasemwa, wana njia ya kukanusha, sio yao peke yao, inafundishwa kila mahali: chukua chaguo ligeuze liwe kinyume, halafu uone hoja inabaki imesimama au inaanguka, kama fundi baiskeli anavyozamisha tyubu kwenye beseni la maji aone povu linatokea wapi. Ukikanusha na hoja ikaendelea kudunda, hilo sio dhana hata lionekane la maana vipi. Kwa mfano wa mkahawa, "mauzo yasingepanda kiasi hicho bila bendi", geuza, yangepanda tu hata bila bendi, hapohapo Moshi imekufa.

Baada ya kukaa nazo unagundua kasoro zinajirudia. Namba na asilimia zinachanganywa sana: malalamiko ya wateja yamepungua nusu tangu wafanyakazi wapate mafunzo, kwahiyo huduma imeboreka, kumbe labda wateja wenyewe ndio wamepungua nusu wamehamia kwa jirani. Dodoso wamejibu wanaopenda kujibu. Mapato yanaitwa faida. Kilichofanya kazi mji huu kitafanya kazi mji ule, kilichofanya kazi mwaka jana kitafanya mwaka ujao. Nilianza kuyaona hata kwenye faili za kazini, mteja mmoja kaandika wateja wake wote wameridhika, ushahidi ni kwamba wanaorudi dukani wanasema wameridhika. Wanaorudi! Wasiorudi nani amewauliza?

Malalamiko yangu sasa. Maswali waliyotunga wenyewe hayafanani na ya mtihani. Ya kwao mengi jibu linategemea neno moja la kubabaisha, unasoma maelezo yao unabaki unabishana na skrini. Maswali rasmi, yale ya wenye mtihani, hata ukikosa ukisoma maelezo unasema aah sawa, nimekamatwa kihalali. Tofauti hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani kwa sababu ukifanya mazoezi kwenye maswali mabovu unajifunza kubahatisha akili ya mtungaji badala ya kusoma hoja. Na saa yao ya kuhesabu dakika inaanza kabla kifungu hakijamaliza kufunguka, kwa intaneti yetu hii sekunde kadhaa zinaondoka unaangalia duara linazunguka.

Nilichoishia kufanya: nachukua maswali rasmi, kwenye tovuti ya wenye mtihani kuna furushi la bure ukijisajili lina majaribio mawili kamili, hayo usiyaguse mpaka umejiandaa maana ukiyazoea yanakosa maana. Halafu nakopi kifungu kimoja kimoja cha mazoezi naandika utabiri wangu kwenye daftari kabla ya kuangalia machaguo, yani nimekiiba kile kiboksi cheupe chao nikakihamishia kwenye karatasi. Na zile mada za insha za zamani za GMAT, orodha yake ilikuwa inatolewa bure, ukiipata usiitupe. Chukua mada moja, usiandike insha, andika tu dhana zilizojificha na kwa kila moja taja taarifa gani ungeiomba ili ujue. Kwangu hiyo imenisaidia kuliko video zote, ndio maana nachekea wanaouza muundo wa insha, mada zenyewe ni dhahabu, muundo ndio takataka.

Kingine kuhusu mtihani wenyewe ambacho kozi wanakipitia juu juu, sasa unaruhusiwa kuweka alama kwenye swali na ukimaliza sehemu unarudi, ila majibu unayoweza kubadilisha ni matatu tu kwa kila sehemu. Huruki swali, lazima ujibu ndio uende mbele. Kwahiyo swali la hoja likikugomea chagua, weka alama, songa, usizame humo dakika nne unambishia mtungaji.

Nani alipie? Kama huna nidhamu ya kuficha machaguo mwenyewe, lipia mwezi mmoja, fanya kile kipengele tu, video za insha usifungue. Kama unayo, nunua kitabu rasmi cha toleo jipya na daftari, inatosha. Wale wa sheria wanaofanya LSAT, mtihani wa kuombea vyuo vya sheria Marekani na kwingineko, tangu Agosti 2024 michezo ya mantiki (yale mafumbo ya kupanga vitu kwa masharti) imeondolewa na sehemu za hoja zinazohesabiwa ni mbili, kwahiyo haya yanawahusu nyie zaidi hata kuliko sisi wa GMAT, ila vifungu vyenu ni vigumu kuliko vya kibiashara.

Na ukilipia, kazime malipo ya kujirudia siku hiyohiyo. Mimi nilitumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, mwezi ulipoisha wakakata tena bila hata ujumbe, nilipowaandikia wakasema iko kwenye masharti, na kweli ipo. Kitufe cha kuzima kiko chini kabisa kwenye mipangilio ya akaunti, maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, shusha mpaka mwisho utakiona.