Uzoefu wangu na bunduki za zamani za kuwinda za nusu otomatiki: tazama chemba kwanza

Bunduki ninayoitumia kuwinda ni Browning BAR ya toleo la kwanza, lile lililoingia sokoni mwaka 1967 na kutengenezwa na kiwanda cha FN kilichoko Herstal, Ubelgiji. Isichanganywe na rashasha ya kijeshi yenye herufi hizo hizo tatu, kwa sababu hii ilibuniwa kwa ajili ya wawindaji tangu mwanzo: hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, na magazini yake hubeba risasi nne za ukubwa wa kawaida. Yangu ni ya risasi za ukubwa wa .30-06, na niliipata ikiwa imeshapitia mikono mingine. Tangu hapo nimeitunza mwenyewe, na nimepata nafasi ya kufungua na kuchunguza bunduki nyingine za rika lake ambazo wenzangu waliniomba niziangalie kabla hawajazinunua. Maoni yangu ni kwamba bunduki hizi zimepakwa matope kuliko zinavyostahili. Nyingi ya zile zinazosemwa kuwa hukwama kila mara zina tatizo moja tu linaloeleweka, nalo ni kusahauliwa kwa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa.

Sababu ya chemba kuwa na uzito huo huonekana ukifuatilia kinachotokea ndani ya bunduki risasi inapofyatuka. Ganda la shaba hutanuka na kubana kuta za chemba. Gesi ya baruti hupenya tundu dogo lililo upande wa chini wa mtutu na kusukuma pistoni. Pistoni husukuma vyuma vilivyoungana na bolti, yaani kipande cha chuma kinachofunga chemba kwa nyuma. Bolti huzunguka, hujifungua, kisha hurudi nyuma ikilivuta ganda kwa ndoana yake. Katika bunduki ya kukoki kwa mkono, mwindaji akiinua mkono wa bolti, mzunguko ule hulibandua ganda kwa nguvu nyingi kabla ya kulivuta, na likigoma yeye huongeza nguvu. Nusu otomatiki haina wa kuiongezea nguvu. Ina ndoana ndogo, msukumo wa gesi uliopimwa, na muda mfupi mno. Chemba ikiwa laini, ganda huachia bila shida. Ikiwa na vishimo vya kutu, shaba hutanuka hadi ndani ya vishimo hivyo na kung'ang'ania humo, kisha ndoana huteleza juu ya ukingo wa ganda au huumega kabisa, na ganda hubaki ndani huku risasi inayofuata ikijaribu kuingia nyuma yake.

Sehemu hii ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kuachwa bila kusafishwa. Bolti ya BAR haitolewi kwa nyuma kama ile ya bunduki ya kukoki kwa mkono, kwa hiyo ufito wa kusafishia huingizwa kupitia mdomo wa mtutu. Tundu la mtutu wa .30-06 lina kipenyo cha milimita 7.62, ilhali chemba inapoanzia ina karibu milimita 12. Brashi inayosugua mtutu barabara hupita katikati ya chemba pasipo kugusa kuta zake, na mbaya zaidi husukuma masizi na unyevu kutoka kwenye mtutu hadi humo. Mtu anaweza kuisafisha bunduki yake kwa bidii kwa miaka mingi, aone kitambaa kinatoka cheupe, na chemba ikawa inaota kutu wakati wote huo.

Utaratibu wangu hauna mambo mengi. Ninatoa risasi zote, ninafungua magazini, ninaivuta bolti hadi ikae nyuma, kisha ninahakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Ninatandika kitambaa ndani ya mwili wa bunduki ili uchafu unaosukumwa kutoka mbele uangukie hapo badala ya kuingia kwenye mitambo ya kifyatulio. Kwenye mdomo wa mtutu ninaweka kiongozi cha shaba, yaani kifaa cha kuushika ufito katikati, kwa sababu ufito unaosugua ukingo ule mara kwa mara huulemaza, na ukingo ukilemaa risasi hupoteza shabaha. Mtutu ukishakuwa safi, ninachukua brashi ya chemba, ambayo ni nene na ina mpini unaopinda, ninaiingiza kupitia tundu la kutolea maganda na kuizungusha hadi shingoni mwa chemba. Namalizia kwa kitambaa kikavu. Bunduki ikiwa inawekwa kabatini ninaacha utando mwembamba wa mafuta, lakini siku ya kwenda kuwinda ninaufuta wote, maana ganda lenye mafuta halishiki vizuri kuta za chemba, na hivyo mzigo wote wa mlipuko huelemea bolti.

Asiyekuwa na kifaa cha kuchungulia ndani anaweza kuyasoma maganda yaliyokwisha kufyatuliwa. Ninaponunua, au ninapomshauri anayenunua, ninaomba bunduki ifyatuliwe na maganda yahifadhiwe. Ganda lililotoka kwenye chemba nzuri lina ubavu laini. Lililotoka kwenye chemba iliyoliwa na kutu lina vipele vidogo vinavyosikika ukilipitishia ukucha, kila kipele kikionyesha kishimo kilipo, na mara nyingi lina michirizi mirefu kuelekea kitakoni. Ukingo uliopindishwa mahali ndoana iliposhika ni ushahidi kwamba ganda liling'olewa kwa mabavu. Kutu nyepesi huweza kung'arishwa na fundi bunduki anayeijua kazi yake. Vishimo virefu haviondoki bila kuchonga chemba upya au kubadilisha mtutu, na gharama hiyo kwa bunduki ya aina hii ni nadra kuwa na maana.

Baada ya chemba huja mfumo wa gesi, na hapa kosa huwa la kinyume, yaani matunzo yaliyopitiliza. Nilipoitoa mbao ya mbele ya bunduki yangu kwa mara ya kwanza, niliikuta pistoni imefunikwa na utando wa rangi ya kahawia, mgumu na wenye kunata, uliotokana na mafuta ambayo mmiliki wa awali aliyamimina humo na ambayo joto la gesi liliyapika. Pistoni ilitembea, lakini kwa kusitasita. Nililoweka vipande vyake katika kiyeyushi, nikasugua kwa brashi ya nailoni, nikavikausha na kuvirudisha bila mafuta, na tangu hapo bolti inatembea urefu wake wote bila kusita. Pistoni na silinda yake vinapenda kuwa vikavu. Mafuta yanahitajika kwenye reli ambazo bolti hupita, na hapo pia ni tone linalopakazwa kwa kidole, kwa sababu mafuta mengi hushika vumbi na mchanganyiko wao husaga chuma.

Mbao ikiwa imetolewa, tazama pia upande wa chuma unaogusana nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, baadhi ya mbao za mjozi zilizotumiwa kwenye bunduki za Browning zilikuwa zimekaushwa kwa chumvi, na chumvi hiyo huendelea kula chuma chini chini huku sehemu ya nje ikimetameta. Bunduki yangu haina dalili hiyo. Anayetaka ya miaka hiyo asiridhike mpaka kitako na mbao ya mbele vimefunguliwa mbele yake.

Kwa hali yake ya sasa, BAR hii ninaiamini. Bolti yake ina meno saba yanayojifunga moja kwa moja kwenye mtutu, bunduki ina uzito wa karibu kilo 3.4 bila darubini, na msukumo wake begani ni mpole kwa sababu sehemu yake humezwa na mwendo wa mitambo. Inachodai kwa mtumiaji ni kwamba bolti iachiwe irudi kwa nguvu zote za springi yake. Wawindaji wengi waliozoea bunduki za mkono huisindikiza polepole ili isitoe kelele, na matokeo yake bolti husimama kabla ya kujifunga kabisa, kisha bunduki hugoma kufyatuka mnyama akiwa mbele yao. Hili si tatizo la bunduki, na ninasikitika kila ninaposikia mtu ameiuza kwa sababu hiyo.

Bunduki ya rika hili inayolaumiwa kuliko zote ni Remington 742, iliyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1980 ikirithi nafasi ya 740 ya mwaka 1955. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo ndiyo ambayo mnunuzi ana uwezekano mkubwa wa kukutana nayo. Lawama juu yake zina msingi, ila zinahitaji kutenganishwa. Nyingi zinatokana na chemba chafu na magazini za bei rahisi ambazo si za kiwanda, ambazo midomo yake huachia risasi mapema au kuichelewesha. Lakini ipo kasoro ya muundo ambayo matunzo hayaifuti. Bolti yake ina meno mengi madogo yaliyopangwa kwa safu, na meno hayo hugonga na kukwaruza reli zilizo ndani ya mwili wa bunduki kila bolti inapotembea. Polepole reli hutoboka mapengo, na mapengo yakishakuwa makubwa bolti huyumba na hatimaye kukwama. Kwa vile reli hizo ni sehemu ya mwili wenyewe, hakuna kipande cha kubadilisha. Katika 7400 iliyofuata mwaka 1981, meno hayo yalipunguzwa idadi na kuongezwa ukubwa. Anayechagua 742 na avute bolti nyuma, aelekeze tochi ndani, na azitazame reli hizo kwa makini: mng'aro uliosawazika ni uchakavu wa kawaida, lakini mfululizo wa mikato yenye kingo unamaanisha kwamba umri uliobaki ni mfupi. Ile ambayo reli zake ni nzima, ikisafishwa chemba na kulishwa risasi za nguvu ya kawaida, humhudumia vizuri mtu anayefyatua risasi chache kwa msimu.

Remington Model 8 ni ya kizazi kingine kabisa. Ilibuniwa na John Browning, ikaanza kuuzwa mwaka 1906, na haitumii gesi: mtutu na bolti hurudi nyuma pamoja ndani ya bomba la chuma, kisha mtutu hutangulia kurudi mbele na kuliacha ganda la risasi litoke. Naiheshimu sana kazi hiyo. Haina masizi ya gesi ya kusumbua, ila springi zake zimezeeka na grisi ya zamani iliyoganda ndani huifanya ijikokote, hivyo kuifungua na kuiosha kwa kiyeyushi ndiyo matengenezo yake makubwa.

Winchester Model 100, iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1973, ninaitaja kwa ajili ya usalama. Pini yake ya kufyatulia ya awali huweza kukatika na kipande chake kikabaki kimetokeza kwenye uso wa bolti, na hapo risasi inaweza kulipuka kabla bolti haijajifunga. Mtengenezaji alitoa tangazo la kuwataka wenye bunduki hizo wabadilishe pini. Isiyothibitika kubadilishwa pini isifyatuliwe.

Dalili za kukwama zinasema mengi zikisikilizwa moja moja. Ganda likibaki ndani ya chemba, shaka yangu ya kwanza ni chemba, ya pili ni ndoana. Ganda likitoka lakini risasi inayofuata isichukuliwe, bolti haikurudi nyuma vya kutosha, na hapo ninatazama pistoni na tundu la gesi, au magazini yenye springi iliyolegea. Bolti isipofika mbele kabisa, ni uchafu wa chemba tena, au springi ya kurudishia imechoka. Wengi hukimbilia kununua vipande vipya kabla ya kuuliza maswali haya.

Kuhusu risasi, ninatumia za kiwandani zenye nguvu ya kawaida tu. Wanaojitengenezea risasi wahakikishe ganda limerudishwa kwenye vipimo vyake vyote tangu shingo hadi kitako, na kwamba fataki, yaani kile kidonge cha kuwashia baruti kilicho kitakoni mwa ganda, haijatokeza hata kidogo. Risasi za kijeshi za zamani nyingi zina fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu na chemba. Mafuta hayayeyushi chumvi hiyo, bali maji, na yasipopitishwa mapema kutu huanza ndani ya muda mfupi.

Vipuri ndivyo vinavyonifanya nisiwapendekezee bunduki hizi watu wote. Browning ilibadilisha mfumo wa gesi ilipoleta BAR Mark II mwaka 1993, kwa hiyo anayeagiza pistoni au vipande vinavyoizunguka lazima ataje toleo na namba ya bunduki yake. Kampuni ya zamani ya Remington ilifilisika na kugawanywa vipande mwaka 2020, na vipuri vya 742 sasa hutoka hasa kwenye bunduki zilizovunjwa. Springi za kurudishia, springi za magazini na ndoana ndivyo ninavyohifadhi vya akiba, na nilivinunua vikiwa bado vinapatikana.