Mshumaa wa mbono kaburi: mzuri kwa kukaa, si kwa kutembea

Kati ya mianga ya porini isiyohitaji mafuta ya taa wala betri, kijiti kilichotungwa kokwa za mbono kaburi, mmea wenye mbegu za mafuta, ndicho cha kutegemewa zaidi ukiwa umetulia mahali pamoja. Kimuli cha makuti makavu humulika mbali zaidi, lakini huisha upesi, na cheche zake ni hatari wakati wa kiangazi. Mbono hutoa mwanga mdogo, wa kutosha kuona unapopika au kufunga kidonda. Kwa kazi hiyo unastahili 8 kati ya 10. Kwa kutembea usiku, 3 tu, maana upepo kidogo huuzima.

Nguvu yake ni mafuta: kokwa iliyomenywa ni mafuta kwa nusu ya uzito wake au zaidi. Chuma matunda yaliyokwisha kuwa ya kahawia au meusi. La kijani bado lina maji, na kokwa mbichi hutatarika na kuzimika. Kila tunda huwa na mbegu kama 3. Anika mpaka zikauke kabisa, kisha vunja ganda jeusi kwa jiwe, taratibu, kwani kokwa iliyopondeka haitungiki. Tunga kokwa 10 hadi 15 kwenye chelewa mbichi ya mnazi (uti wa jani lake), zikibanana. Hapa ndipo wengi hukosea: zikiachana hata kidogo, ya juu huisha kabla moto haujashika ya pili. Washa ya juu, inamisha kijiti kidogo, na kokwa ikishakuwa kaa igonge idondoke kwenye udongo mtupu. Ukiiacha, moto hufifia na moshi huzidi.

Moshi na masizi vipo hata ukifanya kila kitu sawasawa, kwa hiyo usiuwashe ndani ya hema. Kubwa zaidi ni sumu. Kokwa ina ladha ya kupendeza inayokaribia karanga, na chache tu humtapisha na kumharisha mtoto vibaya. Nawa mikono, wala usichome chakula juu yake.

Kukamua mafuta na kuyatia kwenye koroboi hakufai. Ni mazito, hayapandi utambi mrefu. Utambi huungua wenyewe. Ukitaka taa, weka mafuta kwenye kifuu, kisha fanya utambi mfupi wa pamba uelee juu yake, ncha ikichomoza kidogo tu.