Unataka modeli ya Class 40? Mi ningezipanga hivi

Kwa vichwa vya treni vya dizeli vya zamani vya Uingereza, Class 40 kwangu haina mpinzani. Zilitengenezwa 200 na English Electric kati ya 1958 na 1962, tani 133, nguvu za farasi 2,000, zinapiga mluzi mpaka mashabiki wakaziita Whistlers. Na sisi tuna undugu nazo kabisa, maana zile English Electric zilizoanza kuja East African Railways mwaka 1960 nazo zilikuwa 1Co-Co1, yaani kila bogi ina ekseli tatu zenye mota na moja ndogo ya kubeba uzito tu.

Ya kwanza ni ya kampuni ya Bachmann, saizi ya OO. Skeli 1:76 (yaani imepunguzwa mara 76), urefu kama sentimita 28, mota iko katikati na inazungusha bogi zote mbili, umeme unachukuliwa pande zote kwa hiyo haikwamikwami ukiitembeza polepole. Chukua yenye soketi ya dikoda, kile kichipu kinachopokea amri za kidijitali, sauti utaongeza baadaye hela ikipatikana. Ila angalia pua kabla hujalipa! D200, kichwa cha kwanza kabisa, na wenzake wa mwanzo wana visahani vyeupe mbele, za mwishomwishoni zina kiboksi cha namba, na rangi ya kijani ndo ya miaka ya mwanzo, bluu ilikuja baadaye, sasa kama mabehewa yako ni ya 1960 usinunue iliyoandikwa 40 ikifuatiwa na namba tatu, hizo namba ni za miaka ya 70.

Nafasi ndogo? Chukua ya Graham Farish, saizi ya N, 1:148, sentimita 14 hivi. Inatosha mezani na bado unavuta treni ndefu ya maana.

Ya tatu ni Lima ya OO ya mtumba. Bei nafuu, umbo si baya, lakini igeuze miguu juu kwanza: mota imo ndani ya bogi moja tu na magurudumu machache ndo yanachukua umeme, tairi za mpira zikikakamaa inateleza, na kingo za magurudumu ni ndefu zinagonga ukiweka kwenye reli za kisasa zenye kimo kidogo. Muombe muuzaji video inatembea polepole, sio picha.

Heljan ya O, saizi kubwa kuliko zote hizi, naiweka mwisho sababu ya nafasi tu, karibu nusu mita ya kichwa peke yake na inataka kona pana sana. Mwenye ukumbi mkubwa achukue, ni tamu mno.

Ile ya OO usiichanganye na mabehewa ya HO: reli ni ileile ya milimita 16.5 lakini HO ni 1:87, yataonekana madogo nyuma ya kichwa. Kontrola (kile kifaa cha kuendeshea treni) ya Uingereza haina shida, plagi ni ileile ya pini tatu tunayotumia Kenya na Tanzania na volti zinaendana.