Monita mbili kwa faili moja la maandishi: tathmini ya usanidi wa Xorg

Xorg ni programu ambayo kwa miaka mingi imesimamia kila kinachoonekana kwenye skrini za kompyuta zinazotumia Linux. Tathmini hii inahusu upande wake mmoja tu, yaani kupanga monita mbili kwenye kompyuta ya mezani kwa kuandika faili la usanidi, badala ya kuburuta vijisanduku kwenye dirisha la mipangilio. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa mashine isiyohamishwa, yenye monita mbili ambazo pikseli zake zinakaribiana kwa ukubwa, sijaona njia inayoishinda hii kwa uthabiti, lakini mwenye monita moja ya 4K (yenye pikseli 3840 kwa 2160) na nyingine ya kawaida itamchosha bure.

Njia hii ina sifa mbaya ambayo kwa kiasi kikubwa ni ya zamani. Mradi wa X.Org, unaotengeneza Xorg, ulipojitenga na XFree86, programu iliyoitangulia, mwaka 2004, baada ya mzozo wa leseni, faili la xorg.conf lilitakiwa kueleza karibu kila kitu, kuanzia kibodi na kipanya hadi masafa ambayo monita inayahimili, na kosa dogo liliweza kumwacha mtumiaji mbele ya skrini nyeusi. Mwaka 2007 lilikuja toleo la 1.2 la RandR, sehemu ya Xorg inayoshughulikia mpangilio wa skrini, ambalo liliwezesha kila tundu la kadi ya michoro kusimamiwa peke yake na mpangilio kubadilishwa bila kuizima seva, yaani Xorg yenyewe. Mwaka 2010, seva ya toleo la 1.8 ikaleta saraka ya /etc/X11/xorg.conf.d, ambamo mtu anaweka kipande kinachohusu jambo lake tu, na mengine yote akaiachia seva iyatambue yenyewe. Anayeendelea kunakili faili refu la enzi zile anajitwisha mzigo uliokwisha kutuliwa.

Tuchukue mpangilio ambao waandishi na watengeneza programu wengi wanaupenda: monita mbili za pikseli 1920 kwa 1080, ya kushoto ikiwa imesimamishwa wima kwa ajili ya kusomea maandishi marefu, na ya kulia ikiwa imelala kama kawaida. Faili zima, tuliite 10-monita.conf, ni hili (DP-1 ni tundu la monita ya kushoto, HDMI-1 la ile ya kulia):

Section "Monitor"
    Identifier "DP-1"
    Option "Rotate" "left"
    Option "Position" "0 0"
EndSection

Section "Monitor"
    Identifier "HDMI-1"
    Option "Primary" "true"
    Option "Position" "1080 420"
EndSection

Namba mbili za mwisho ndizo zinazonifanya niipende njia hii. Monita iliyosimamishwa ina upana wa pikseli 1080, hivyo jirani yake anaanzia hapo. Urefu wake ni 1920, ilhali wa jirani ni 1080, na tofauti ya 840 ikigawanywa kwa mbili inatoa 420. Kwa hiyo monita ya kulia inakaa katikati kabisa ya ile ya kushoto, na kishale kikivuka mpaka hakiruki juu wala chini. Lipo neno rahisi zaidi, "RightOf", ambalo halihitaji hesabu yoyote, lakini linazipanga monita kwa kingo zao za juu, na anayefanya kazi siku nzima mbele ya monita zilizopangwa hivyo ataanza kuhisi kwamba kipanya chake kina wazimu. Kwenye dirisha la mipangilio, usawa huo huo hutafutwa kwa kukisia na mkono; hapa ni hesabu ya darasani. (Jina la faili sharti liishie na .conf, lisipoishia hivyo, seva italipita bila hata kutoa onyo.)

Faida nyingine ni wakati ambapo usanidi huu unaanza kufanya kazi. Amri ya xrandr inaweza kupanga monita vilevile, tena papo hapo, na ni chombo kizuri cha kujaribia, lakini mpangilio wake hufa pamoja na seva inapozimwa. Faili lililo kwenye xorg.conf.d husomwa seva inapowaka, kabla ya mtu yeyote kuingia, na kwa hiyo hata skrini ya kuandikia nywila, kama inaendeshwa na LightDM (programu ya kuingilia kwenye mfumo) juu ya Xorg, hutokea kwenye monita sahihi na maandishi yakiwa wima ipasavyo.

Kasoro kubwa ya kwanza ni majina. "HDMI-1" si jina la monita. Ni jina ambalo kiendeshi cha kadi ya michoro, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, kimelipa tundu. Kiendeshi cha modesetting huandika HDMI-1, kile cha zamani cha Intel huandika HDMI1 bila kistari, na cha amdgpu huandika HDMI-A-0, kikianza kuhesabu kwenye sifuri. Kiendeshi kikibadilishwa, faili linabaki pale pale likiwa halina kosa hata moja la kisarufi, ila halimhusu mtu yeyote. Ukihamisha kebo kutoka tundu moja hadi jingine, matokeo ni hayo hayo. Seva hailalamiki, jambo ambalo naliona kuwa uzembe wa usanifu, lakini angalau inaandika ukweli kwenye /var/log/Xorg.0.log, au ndani ya ~/.local/share/xorg pale inapoendeshwa bila mamlaka ya msimamizi. Humo tafuta mstari unaosema "Output HDMI-1 using monitor section HDMI-1". Ukikuta "has no monitor section", jina ulilolitumia silo. Na iwapo seva itakataa kuwaka kabisa, Ctrl+Alt+F3 kwa kawaida hufungua skrini ya amri, ambako kulifuta faili hilo moja kunarejesha hali ya awali.

Mazingira makubwa ya eneokazi nayo hayaliheshimu sana faili hili. GNOME ina monitors.xml yake ndani ya ~/.config, na KDE Plasma ina KScreen, chombo chake cha kupanga monita. Vyote viwili hupanga monita upya mtumiaji akishaingia. Usanidi wa Xorg kwa hiyo unawafaa zaidi wanaotumia visimamizi vyepesi vya madirisha kama i3 na Openbox, ambavyo vinaupokea mpangilio kama ulivyoachwa na seva.

Kasoro ya pili haitibiki kwa faili lolote. Monita ya 4K ya inchi 27 ina takriban pikseli 163 kwa kila inchi, na ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina 92 hivi. Xorg inazichukulia zote mbili kama uwanja mmoja mpana, na programu nyingi hutumia kipimo kimoja cha herufi kwa uwanja wote, kwa hiyo maandishi yatakuwa madogo mno upande mmoja au makubwa mno upande wa pili. Kunyoosha picha kwa chaguo la --scale la xrandr kunapunguza tofauti, lakini herufi hupoteza ukali wake, na mimi sikubali kusoma herufi zenye ukungu kwenye monita iliyonunuliwa kwa ajili ya ukali.

Mwenye jozi ya namna hiyo aende moja kwa moja kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya Xorg, ambako ndiko mifumo mingi inakoelekea. Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotoka mwaka 2025, haina tena seva ya Xorg. Huko faili la 10-monita.conf halisomwi kabisa, lakini anayependa kuandika hajanyimwa kitu: Sway, kisimamizi cha madirisha cha Wayland, inasoma mistari ya "output" katika faili lake la usanidi, inakubali monita itajwe kwa jina la mtengenezaji, modeli na namba yake ya kiwandani badala ya jina la tundu, na kila monita inapewa ukuzaji wake. Kipimo cha nafasi tu ndicho kinachobadilika, kwa kuwa kinahesabiwa baada ya ukuzaji: monita ya pikseli 3840 iliyokuzwa mara mbili inahesabiwa kuwa na upana wa 1920, na jirani yake wa kulia anaandikiwa "position 1920 0".