Kipimo cha TF kwa meno ya watoto: nyota nne kati ya tano

Zamani nilipima florosisi, yaani madhara ya floraidi nyingi kwenye meno, kwa kipimo cha Dean, kile cha Marekani cha mwaka 1934 kilichorekebishwa 1942. Siku hizi natumia cha Thylstrup na Fejerskov cha 1978, sisi wapimaji tunakiita TF tu, na kwa mtoto mmoja mmoja sioni sababu ya kurudi nyuma.

Tatizo la Dean liko kwenye ncha mbili. Chini kuna ngazi ya "shaka", na hapo wapimaji wawili hubishana mpaka mtoto achoke kuachama. Juu kuna "kali", basi. Mwenye vishimo vichache na yule ambaye meno yameharibika hadi umbo, wote kapu moja!

TF inaanzia 0 hadi 9, na sharti lake ni kukausha jino kwanza. Likiwa na mate linang'aa, unaweza kuapa ni zima. Pitisha pamba, subiri kidogo: mistari myeupe, myembamba kabisa, inajitokeza ikikatiza jino upande hadi upande. Hiyo ni 1. Ni kwamba ganda lenye florosisi lina vitundu visivyoonekana. Mate yakitoka na hewa ikiingia, weupe unajitokeza. Mistari ikinenepa na kuanza kugusana ni 2, ikiwa mabaka yenye ukungu ni 3, jino zima likiwa jeupe kama chaki ni 4. Kuanzia 5 ganda linamomonyoka: kwanza vishimo vya chini ya milimita 2, kisha vinaungana kuwa ukanda, na ukifika 9 jino limepoteza sura yake.

Ninachokipendea zaidi ni kwamba hakidanganywi na rangi. Mzazi huogopa kahawia, lakini rangi hiyo huingia baada ya jino kuota. Nimeona meno ya kahawia yenye 4 na meupe yenye 6, na ya kuhangaikia ni hayo meupe.

Sasa kero. Mtoto mdogo hatulii na pamba mdomoni, mate yanarudi, na ukikausha muda mrefu kuliko mwenzako mtapishana alama. Kukausha pia kunafichua weupe ambao hakuna mtu angeuona mkizungumza naye. Mama akisikia "mwanao ana 2" anashtuka bure, kwa hiyo namba naiandika kwenye fomu, mzazi namwonyesha jino lenyewe. Halafu kumbukeni umri: jino lenye 4 likishatafunia miaka kadhaa linaweza kumeguka na kuwa 5 au 6 bila mtoto kunywa floraidi zaidi, kwa hiyo msilinganishe wa miaka minane na wa kumi na tano.

Kwa takwimu za jamii nzima Dean bado anafaa. Unachukua meno mawili yaliyoathirika zaidi, yakitofautiana unaandika alama ya lile lenye nafuu, kisha unatafuta wastani wa alama za watu wote, ukivuka 0.6, watu wa afya ya jamii wana kazi.

Anayeanza na TF afanye mazoezi kwa picha zilizopigwa meno yakiwa makavu, na kila mara alinganishe kulia na kushoto. Baka la jino moja tu, pacha wake akiwa safi, kwa kawaida si florosisi.