FFmpeg kwa kubadili sauti ya 5.1 kwenda DVD: uzoefu wangu hapa Mbeya

Kwa sisi tunaochoma DVD za kwaya, harusi na mikutano ya injili huku Mbeya, lalamiko la wateja ni lile lile: muziki unapiga vizuri, maneno hayasikiki. Kwenye kompyuta diski haina tatizo. Ikifika Tukuyu au Makambako, ikawekwa kwenye deki iliyounganishwa na sabufa kwa nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, mhubiri anasikika kama yuko chumba cha pili. Picha haihusiki hapo. Chaneli sita za sauti (ndiyo 5.1: kushoto, kulia, katikati, mbili za nyuma na moja ya besi) zimekunjwa kuwa mbili, na zimekunjwa vibaya.

Kwa kazi hii natumia FFmpeg, programu ya kubadili sauti na video kwa kuandika amri, nami naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Ni bure, ukishaipakua haidai bando tena, na inakubali karibu kila faili linaloletwa. Ile nusu naikata kwa sababu mipangilio yake ya kuanzia haimfai mtu mwenye sabufa.

Kabla ya kubadili chochote, ijue sauti uliyonayo kwa ffprobe, inayokuja pamoja na FFmpeg:

ffprobe -hide_banner kwaya.mkv

Soma mstari wa Audio. DVD inataka sauti ya kHz 48, na kwa chaneli sita kodeki (namna ya kubana sauti) ya kutegemea ni AC-3, yaani Dolby Digital, isiyozidi kilobiti 448 kwa sekunde. AC-3 ya kilobiti 640 ni halali kwenye Blu-ray, ila kwenye DVD imevuka mpaka, hivyo usiinakili ilivyo. Kodeki za AAC na E-AC-3 hazimo kabisa kwenye kanuni za DVD. DTS inaruhusiwa kama nyongeza tu, na deki nyingi za bei nafuu haziielewi: picha inacheza, sauti kimya. Kama ffprobe inaonyesha ac3, 48000 Hz, 448 kb/s au chini yake, unaweza kuinakili kwa -c:a copy bila kupoteza ubora, mradi uridhike na namna deki itakavyoikunja.

Hapo kwenye kukunja ndipo penye kazi. Maneno karibu yote yako kwenye chaneli ya katikati. Deki inapopeleka 5.1 kwenye spika mbili, inasoma ndani ya AC-3 yenyewe kiwango cha kuichanganya chaneli hiyo, na kiwango hicho kinaandikwa na programu iliyotengeneza faili. FFmpeg usipoiambia kitu inaandika 0.595, yaani katikati inashushwa desibeli 4.5. Ukiweka 0.707 inashuka desibeli 3 tu. Desibeli moja na nusu ni kidogo kwa kuitaja, lakini mhubiri akiwa anaongea juu ya kinanda inasikika. Chaneli za nyuma kwa kawaida zinashushwa desibeli 6. Mimi naziacha hapo hapo.

Hata hivyo kwa sabufa za chaneli mbili hiyo haitoshi. Weka sauti mbili kwenye diski moja: ya kwanza stereo uliyoichanganya mwenyewe, ya pili 5.1. Stereo itangulie, kwa kuwa deki huanza na ya kwanza na nyumba nyingi zina nyaya mbili tu. Mwenye mtambo wa spika sita atabonyeza AUDIO kwenye rimoti.

Natengeneza sauti peke yake kwanza. Inachukua muda mfupi kuliko picha, na umeme ukikatika katikati ya kubadili picha, sauti yako tayari iko salama.

ffmpeg -i kwaya.mkv -vn -map 0:a:0 -c:a ac3 -b:a 448k -ar 48000 -center_mixlev 0.707 sita.ac3

ffmpeg -i kwaya.mkv -vn -map 0:a:0 -af "pan=stereo|FL=0.35*FL+0.40*FC+0.25*BL|FR=0.35*FR+0.40*FC+0.25*BR" -c:a ac3 -b:a 192k -ar 48000 mbili.ac3

Hapo FL ni kushoto, FR kulia, FC katikati, BL na BR ni za nyuma. Namba hizo tatu, 0.35, 0.40 na 0.25, jumla yake ni 1.0, kwa hiyo sauti haiwezi kupasuka hata chaneli zote zikifika kileleni pamoja. Katikati inasimama desibeli 4 hivi juu ya mchanganyiko wa kawaida. Chaneli ya besi, LFE, nimeiacha nje kwa makusudi: sabufa inajichotea besi kutoka kushoto na kulia, na ukiiongeza unapata mngurumo unaofunika maneno. Gharama ni kwamba stereo inatoka na sauti ndogo. Pima faili la mbili.ac3 kwa -af volumedetect, soma max_volume. Ikiwa ni -6 dB, rudia amri ukiongeza ,volume=5dB mwishoni mwa pan, ndani ya alama za kunukuu. Usiijaze hadi 0.

Angalia BL na BR. FFmpeg inatofautisha 5.1 na 5.1(side). Sauti inayotoka kwenye AAC kwa kawaida ni 5.1, nyuma inaitwa BL na BR. Inayotoka kwenye AC-3 ni 5.1(side), nyuma inaitwa SL na SR. Ukikosea jina, chaneli za nyuma haziingii kwenye mchanganyiko, na makofi ya waumini yanapotea.

Wanaounganisha faili sita za WAV za chaneli moja moja wana mtego wao: mpangilio. WAV inaanza kushoto, kulia, katikati, LFE, kisha za nyuma. AC-3 kwa ndani inaanza kushoto, katikati, kulia. Ukichanganya hiyo miwili, mhubiri anahamia spika ya kulia. Ukisikia hivyo usihangaike na nyaya za deki, rudi kwenye mpangilio.

Kisha unganisha na picha:

ffmpeg -i kwaya.mkv -i mbili.ac3 -i sita.ac3 -map 0:v:0 -map 1:a -map 2:a -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4300k -c:a copy kwaya.mpg

Ile 4300k ni ya video ya saa 2. Diski ya GB 4.7 (Windows inaionyesha 4.37) inatoa kama kilobiti 5,200 kwa sekunde kwa muda huo, toa 640 za sauti mbili, acha nafasi kidogo ya kufungashia. Ukiiacha pal-dvd (mipangilio ya DVD iliyomo ndani ya FFmpeg) ijiamulie, inatumia 6000k na faili linakaribia GB 6. Ukiona "buffer underflow" kwenye maandishi yanayopita, jumla ya picha na sauti inagonga mpaka wa DVD wa kilobiti 10,080. Hutokea zaidi kwa wanaoweka stereo ya PCM (sauti isiyobanwa), ambayo peke yake inakula 1,536. Rudi kwenye AC-3, au ongeza -maxrate 8000k.

Midomo ikitangulia sauti au ikichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, faili la .ac3 limepoteza muda wake wa kuanzia. Kama ffprobe ilionyesha sauti ya asili inaanza sekunde 0.08 baada ya picha, weka -itsoffset 0.08 kabla ya kila -i ya sauti. Tofauti ikikua kadiri video inavyokwenda, hilo ni suala lingine: mhariri ameiharakisha picha ya fremu 23.976 kuwa 25 bila kugusa sauti. Tibu kwa -af atempo=1.04271 unapotengeneza sauti; usipofanya hivyo, filamu ya saa 2 inaachana na sauti yake kwa karibu dakika 5.

Kwaya iliyorekodiwa kwa maiki mbili haihitaji lolote kati ya haya. Kuandika -ac 6 hakuzai spika za nyuma, kunaacha chaneli nne kimya. Toa stereo ya 192k, kilobiti zilizobaki zipe picha.

Menyu ya diski natengeneza kwa programu ya DVDStyler. Ukitumia dvdauthor, ambayo ni ya kuandikia amri, tangaza VIDEO_FORMAT=PAL kwanza, la sivyo itagoma. Kabla ya kuchoma nakala za mteja, kata dakika 2 zenye maneno na kinanda kwa pamoja (-ss 00:10:00 -t 120), choma kwenye DVD-RW, ukaijaribu kwenye deki yenye nyaya mbili, sauti ya sabufa ikiwa chini, kiwango cha mtu anayesikiliza usiku watoto wamelala. Kama maneno yanashikika hapo, choma zote.