Natafuta uhakiki wa hadithi fupi, naletewa uchumi wa bahati nasibu

Hasira bado hazijaniisha, kwa hiyo mnivumilie. Hii hifadhidata maktaba yetu inailipia kila mwaka, na ina makala nyingi ajabu. Sasa iombe uhakiki wa hadithi fupi moja tu uone itakavyokuzungusha.

Nilikuwa nataka uhakiki wa "The Lottery" (yaani "Bahati Nasibu") ya Shirley Jackson. Si hadithi ya uchochoroni: ilitoka kwenye jarida la Marekani la The New Yorker mwaka 1948, wasomaji wakamwaga barua za malalamiko, na mpaka leo inafundishwa. Nikaandika jina lake kwenye kile kisanduku kikubwa cha kutafutia. Makala ya kwanza: kwa nini watu wa kipato cha chini hununua tiketi za bahati nasibu. Inayofuata: ile kura ya mwaka 1969 iliyoamua ni vijana gani wa Marekani waitwe jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Chini yake, shule zinazopokea wanafunzi kwa kura. Ukurasa wa pili, yale yale. Nikaongeza jina la mwandishi, wakaja wanauchumi wanaoitwa Jackson! Nikaifungia anwani kwenye alama za mtajo, angalau fasihi ikaanza kuonekana, ila ni mapitio ya vitabu ya aya mbili tatu na muhtasari wa kisa. Kisa nakijua. Nilitaka mtu aniambie kwa nini wanakijiji wale wanamuua mwenzao kwa mawe na hakuna anayeuliza.

Nikaandikia huduma ya msaada. Jibu: "Jaribu maneno mengine." Basi. Hata salamu hakuna. Maneno gani mengine, jamani? Hadithi ina jina moja! Jibu lile liliniuma kuliko matokeo yenyewe, maana aliyeliandika hakuangalia hata nilichokuwa natafuta.

Aliyeniokoa ni mkutubi wetu, Mungu ambariki. Alifungua utafutaji wa kina, akaweka Shirley Jackson kwenye sehemu ya "mada", si ya "mwandishi". Ukimweka kama mwandishi unaletewa alichoandika yeye. Ukimweka kama mada unaletewa walichoandika wengine juu yake. Mstari wa pili akaweka jina la hadithi ndani ya alama za mtajo, akaagiza litafutwe katika matini yote. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu mhakiki wa hadithi fupi mara nyingi hataji hadithi kwenye kichwa cha makala. Anaandika kuhusu mkusanyiko mzima, au kuhusu mbuzi wa kafara, na hadithi yako imekaa huko katikati, kurasa nne za maana kabisa. Zikatokea. Nilifurahi mno. Kisha akanionyesha MLA International Bibliography, orodha ya maandishi ya kitaaluma kuhusu fasihi na lugha, ambako makala huorodheshwa kwa mwandishi na kazi inayojadiliwa, hivyo hadithi fupi inajitegemea kama riwaya inavyojitegemea.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Kwa kurasa zile nne nikasema nitoe nne, maana makala zimo, tena nzuri, na zinafunguka bila shida.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kukasirika. Kama zimo, kwa nini sehemu ya "mada" ifichwe nyuma ya kiungo kidogo kilicho pembeni, na kisanduku kinachopotosha ndicho kiwekwe katikati ya ukurasa? Mwanafunzi anayetafuta usiku, maktaba imefungwa, ataona tiketi za bahati nasibu, ataamini hakuna aliyewahi kuhakiki hadithi ile, na atabadilisha mada ya insha yake. Hilo ndilo siwezi kuwasamehe. Nyota mbili, na zote mbili ni za mkutubi. Yule wa "jaribu maneno mengine" asihesabu hata nusu.